Mkeka Kichwani

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, asubuhi waliyonitwika mkeka kichwani, uani kwa Bibi Kashindi pale Kasingirima tulikuwa hawa: mama yangu, ameegemea mlango wa chumba tulichopewa kujihifadhi, Mama Hamisi, mpangaji wa chumba cha mbele, mwanawe Hamisi, aliyenizidi umri kidogo, Tatu na wadogo zake wa nyumba ya pili, na Mzee Ruhaga, aliyekuwa akishona nyavu zake kivulini. Bibi Kashindi mwenyewe alikuwa amekwenda msibani Katonga. Nawataja wote kwa sababu wote waliona.

Tulikuwa tumetoka Burundi mwezi huohuo. Tulikuja kwa mtumbwi, usiku, tukiambaa ufuko, maji yakiingia na watu wakiyachota kwa sufuria. Baba alibaki nchi kavu kwa kuwa mtumbwi ulijaa; alisema angekuja na unaofuata. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza, "Hora, mwana wanje," yaani nyamaza, mwanangu. Akaniambia nisilie wala nisisogee. Nikatii. Hata haja ndogo niliibana mpaka tukafika. Tangu hapo, kila nilipolala, mkeka uliloa.

Dawa ya kikojozi kila mtu aliijua. Anatwikwa mkeka wake ukiwa bado umelowa, watoto wanamfuata wakiimba, anapelekwa ziwani, anachovywa, kisha anarudi bila kugeuka nyuma. Ugonjwa unabaki majini. Ndivyo walivyoamini, na hawakuwa watu wabaya. Mama Hamisi alikuwa akitugawia mboga bila kuombwa. Lakini asubuhi ile alinitwika mkeka huku akicheka.

"Mtoto wa kike na mkojo wake. Nani atakuoa wewe?"

Mzee Ruhaga naye akacheka, sindano ya nyavu imo mdomoni. Mama alikuwa mgeni katika nyumba ya watu. Angesema nini, na tukifukuzwa tungelala wapi? Yeye simlaumu.

"Kikojozi anapita, shikeni pua," watoto waliimba njia nzima, Hamisi ametangulia akipiga kopo. Niliwafuata tu, kwa sababu sikujua tunakwenda wapi. Nilipoliona ziwa, nikajua narudishwa kwenye mtumbwi. Nililala chini nikashika nyasi. Mama Hamisi akaninyanyua, akanichovya. Na palepale majini nikanyamaza, macho wazi, bila kusogea, kama nilivyofundishwa na mama.

"Mnaona?" Mama Hamisi akawaambia watoto. "Ametulia. Dawa imeingia."

Neno hilo sijalisahau mpaka leo. Nina watoto wawili sasa. Mtoto aliyetulia namjua, na mtoto aliyeganda kwa hofu namjua, na hawafanani hata kidogo. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hili halitaki shule. Ingetosha mtu mmoja tu aniangalie usoni, na pale ufukweni hakuwepo.

Mkeka uliloa tena. Basi nikajitafutia dawa yangu: nikaacha kunywa maji. Mama akigeuka, namwaga kikombe changu kwenye shina la mpapai. Uji naulamba tu. Midomo ikapasuka, kichwa kikauma, na siku moja nikaanguka karibu na bomba. Mama alidhani ni malaria. Bibi Kashindi, ambaye alikuwa amekwisharudi kutoka msibani, ndiye aliyeshangaa kwa nini shina la mpapai lina tope wakati mvua haijanyesha. Akaja akaketi chini kando yangu, miguu ameinyoosha. Akanywa nusu ya kikombe, akanipa nusu.

"Unaogopa nini, mjukuu wangu?"

Mpaka siku ile, watu wazima wa uani walikuwa wameniuliza swali moja tu: umekojoa tena? Nikamweleza Bibi yote, mtumbwi, baba, kiganja cha mama, mkojo nilioubana. Hakunikatisha. Nilipomaliza, kikombe kilikuwa kitupu.

Asubuhi iliyofuata Mama Hamisi akaja tena, mkeka wangu mkononi, watoto nyuma yake.

"Mkeka huo unaupeleka wapi?" Bibi akauliza.

"Ziwani, Bibi. Mara moja haijamtosha."

"Utue hapo. Mtoto huyu amekaa juu ya ziwa usiku kucha. Ziwa lilimwingia, na sasa linatoka kidogo kidogo. Ukimrudisha kule linaingia upya. Na anayemcheka, linahamia kwake."

"Hayo nayo yameanza lini?"

"Kabla hujazaliwa. Haya, cheka tuone."

Mama Hamisi hakucheka. Aliyecheka ni Hamisi, kwa nguvu, akiwatazama wenzake.

Kesho yake, kabla ya uji, tulikuta mkeka wa Hamisi umeanikwa ukutani, umefuliwa tayari. Hakuna aliyemtwika, wala kopo halikupigwa. Bibi alimwita, akanywa nusu ya kikombe, akampa nusu.

"Maji yako ni machache," akamwambia. "Yatakwisha upesi."

Kwa miaka mingi niliamini ziwa lilimhamia kweli. Sasa naona Hamisi alitishika tu, na mtoto akitishika hulowesha mkeka, na nadhani Bibi alilijua hilo siku zote. Linaloniuma ni kwamba wimbo haukukoma mpaka hofu ilipolala kwa mtoto wao. Mimi, niliyetoka mbali, waliona nastahili kuimbiwa.

Na bado tunawaimbia. Wiki iliyopita, mtaani kwetu, nilimkuta mtoto wa wapangaji wapya, kafiwa na mama yake juzijuzi, mkeka kichwani, watoto nyuma. Nikamtua. Mama mmoja akaniambia namdekeza mtoto wa watu.

"Umemwuliza anaota nini?" nikasema.

Hakuwa amemwuliza. Nikampeleka mtoto nyumbani kwangu, nikanywa nusu ya kikombe, nikampa nusu.

Mimi nilianza kulala pakavu masika yalipokwisha. Baba hakufika.