Sambaza za Bukavu

Mwaka 2002, Émilienne alisimama mbele ya hakimu jijini London akiomba hifadhi ya ukimbizi. Kama asingeaminiwa kuwa mtu wa Bukavu, angerudishwa. Alieleza rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na jinsi baba yake alivyovua sambaza. Mkalimani, Mtanzania, akatafsiri kwamba mzee alikuwa akisambaza nyavu.

“Hapana, kaka!” Émilienne, aliyeelewa Kiingereza kidogo, akacheka. “Sambaza ni samaki, wadogo hivi! Waliletwa zamani kutoka Ziwa Tanganyika, wakazaana kwetu.”

“Kumbe dagaa!” mkalimani akaropoka, kisha akamsahihishia hakimu tafsiri: neno hilo la watu wa Ziwa Kivu hakuwa analijua. Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Barua ya kumkubalia kukaa ilimfikia Lewisham, mtaa wa London alikoishi. Jumapili aliiinua juu kanisani.

“Sambaza zimenivusha!”

“Basi tukaangie, mama!” waumini wakamjibu.