Fundi Viatu Asiye na Kivuli

Fundi viatu wa mtaa wetu hana kivuli. Watu humwachia viatu kizingitini na kutimua mbio, eti laana yake inaambukiza kama upele. Yeye huuma uzi, hushona ameinama, na kivuli cha mpita njia kikimkaribia, husogeza kigoda chake upesi. Jana alasiri mimi, niliyefukuzwa shule mbili kwa kupigana, nilimpelekea kiatu changu kimoja kilichopasuka, nikakaa ubavuni pake. Shangazi akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Kivuli changu kikaanza kufutika, kichwa kwanza, halafu mabega.

"Ondoka, kinaisha," fundi akaninong'oneza, akinisukuma kwa mkono.

Nikaushika, sindano ikiwa bado vidoleni mwake. "Kiishe tu. Wewe maliza hiki kiatu, kesho naleta cha pili."