Mkingaji Aliyetia Sahihi Kwamba ni Mzima

Garrett Wojda alicheza misimu tisa upande wa kushoto wa mstari wa mbele wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, na kwa misimu yote hiyo watu wengi wa mji huu wasingemtambua dukani isipokuwa kwa ukubwa wa mwili wake. Kazi yake ilikuwa moja. Mpira ukianza, asimame kati ya mrushaji wetu wa mpira na watu wanaotaka kumvunja mbavu. Mkingaji akiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna anayemwona. Akikosea mara moja tu, nchi nzima inamwona, kwa picha ya polepole, mara nne.

Baba yake alichimba chumvi katika mgodi ulio chini ya Ziwa Erie kwa miaka thelathini na mmoja, na nyumbani kwao ilikuwa sheria kwamba maumivu ya mtu hayaletwi mezani. Garrett alipoingia kwenye timu, akawakuta wakingaji wenzake wana sheria kama ya baba yake. Yeyote aliyekosa mazoezi kwa ajili ya kulala kwenye meza ya tabibu wa viungo, kesho yake alikuta kiti chake kimegeuziwa ukutani katika chumba cha mikutano, akasikiliza maelezo ya kocha saa nzima huku akitazama rangi ya ukuta. Garrett hakuuanzisha mchezo huo, lakini baada ya miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akivigeuza viti.

"Karibu, bibi mgonjwa," alikuwa akimwambia aliyerudi. "Tukuletee supu ya kuku?"

Chumba kizima kinacheka, na mgonjwa anacheka nao, maana asipocheka ataitwa bibi hadi Krismasi. Kiti cha Garrett hakikugeuzwa hata siku moja. Watu waliliita jambo hilo ushujaa. Ulikuwa uongo ambao wanaume wazima walikubaliana kuambiana kila asubuhi, na kama uongo wote, ulikuwa na siku yake ya kudai malipo.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Novemba, theluji ikianguka. Garrett aligongana kichwa kwa kichwa na mtu mwenye uzito kama wake. Akahisi kama amemwagiwa maji ya moto kuanzia shingoni hadi kidole gumba cha kushoto, kisha mkono ukawa kama haupo. Aliinuka. Mkingaji huinama huku ameweka mkono mmoja chini kabla mpira haujaanza, na yeye siku zote alitumia wa kushoto. Safari hii aliweka wa kulia.

Tavita Leota, Msamoa aliyecheza katikati, bega kwa bega naye, aliona.

"Kaka, mkono vipi?"

"Mkono uko mahali pake."

"Nimeuliza vipi, sijauliza uko wapi."

"Cheza mpira, Tavita."

Akacheza mechi saba zilizobaki na kiganja kilichokufa ganzi. Alijifunza kumzuia mtu kwa bega na kifua, na mara mbili mrushaji alilambishwa theluji kwa sababu upande wa kushoto ulichelewa. Nyumbani, mke wake Denise ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati kabla ya kwenda kanisani, bila kusema neno. Alikuwa ameolewa katika ukoo ule na sheria zake alizijua.

Msimu ulipokwisha vibaya, mji ukaanza kumjadili. Mkataba wake wa mwaka uliofuata ulikuwa wa dola milioni kumi na saba, na ligi imeweka kikomo cha mishahara ambacho timu haiwezi kukivuka, kwa hiyo anacholipwa mmoja kimetoka kwa mwingine. Redioni walipiga simu tangu asubuhi.

"Kwa hela hizo, hata friji yangu ingesimama pale," alisema mmoja.

"Na friji haizeeki!" akajibu mtangazaji, akacheka peke yake.

Akapiga mama mmoja. "Nyie mmesahau mrushaji alikuwa anaangushwa mara ngapi kabla ya Wojda. Tulikuwa tunamwokota kwa koleo."

"Mama, hiyo ni historia. Yuko mzima au amechakaa?"

Ndipo wote wakakubaliana: kama ni mzima abaki, kama ni mgonjwa aende. Ilisikika kama busara. Kwa mujibu wa mkataba ilikuwa kinyume kabisa. Mchezaji aliyeumia kazini hawezi kutupwa hivi hivi. Timu inapaswa kumtibu na kumlipa. Mzima ndiye anayeweza kuondolewa siku yoyote, kwa simu ya dakika mbili.

Wakala wake alimweleza hayo waziwazi. "Siku ya uchunguzi wa kufunga msimu, andika kila kinachouma. Kama ukucha unauma, andika ukucha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sema utaandika."

"Nimekuelewa, bwana."

Lakini siku hiyohiyo aliyozungumza na wakala, Kocha Rusk, aliyewafundisha wakingaji, alimshika begani kwenye ukumbi. "Wakubwa wa ghorofani wanataka kukutoa, mwanangu. Wanataka fedha yako wamnunulie yule mdakaji mipira wa Texas. Nipe kitu cha kupigania. Uko mzima?"

"Mzima, Kocha."

"Asilimia mia?"

"Mia na kumi."

Rusk hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeuliza swali huku ameshachagua jibu, na watu wa aina hiyo wameumiza wengi kuliko wabaya.

Asubuhi ya uchunguzi, Denise alimfunga kifungo cha mwisho lakini hakuuachia ukosi.

"Leo utawaambia."

"Nitaona."

"Garrett, sikuulizi utaona nini. Huwezi kuinua sufuria. Utawaambia?"

"Wanaume hamsini wananitegemea, Denise."

"Wako wapi hao hamsini saa hizi? Mbona vifungo nafunga mimi?"

Alichukua funguo za gari, akaondoka.

Tabibu wa viungo aliitwa Lowell Pruitt. Alikuwa na timu tangu kabla ya Garrett, na mikono yake ilikuwa imefunga bandeji kwenye vifundo vya miguu ya watu elfu. Alimpa Garrett kifaa cha kupimia nguvu ya kiganja. Mkono wa kulia ulitoa kilo sabini na moja. Wa kushoto, ishirini na mbili.

Pruitt alikitazama kifaa, kisha akamtazama yeye. "Binti yangu wa darasa la nane anafikisha ishirini na tano."

"Kifaa chako kibovu."

"Kifaa ni kizima. Tangu lini?"

Garrett akauficha mkono wa kushoto mfukoni.

"Nimekuuliza tangu lini, Garrett."

"Lowell, hivi karibuni wanakaa kuamua. Ukiandika hiyo namba nimekwisha."

"Nikiandika hii namba hawakugusi hadi upone. Mkataba wako hujausoma?"

"Nimeusoma. Watanilipa halafu wataniweka kando. Sitaki kulipwa nikae, nataka kucheza. Mkono utarudi ifikapo kiangazi."

"Na usiporudi?"

"Utarudi. Nipime tena."

Pruitt alikuwa na njia mbili na zote alizijua. Alimpa kifaa tena. Garrett akakishika kwa mkono wa kulia. Pruitt akageuka kutazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa magari yaliyofunikwa theluji, na aliposikia kifaa kimelia akaandika sitini na nane kwenye mstari wa mkono wa kushoto. Kisha akasukuma fomu mbele. Chini kabisa paliandikwa: Sina jeraha lolote. Garrett akatia sahihi.

Mtu anaweza kusema kwamba Pruitt alimwonea huruma. Huruma ingeandika ishirini na mbili.

Ijumaa moja ya Machi, Kwaresima, Garrett na Denise walikuwa kwenye foleni ya samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia. Simu ikalia. Alikuwa Brent Haldane, meneja mkuu.

"Garrett, jambo hili ni gumu kwangu."

"Basi usilifanye."

"Tumeamua kukuachia. Umetutumikia vizuri, na mlango wetu—"

"Mimi ni mzima. Kocha hakukwambia?"

"Alituambia. Na fomu yako inasema hivyo hivyo." Haldane alisikika kama mtu anayeshangaa kwamba anaulizwa. "Ndiyo maana tumeweza."

Nyuma ya Garrett, mzee mmoja mwenye kofia ya timu aligonga sinia lake. "Sogea, kijana mkubwa, samaki wanapoa!" Garrett akasogea. Akapewa samaki, akapewa pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vilivyojazwa viazi, akasema asante. Denise aliiona sura yake, akachukua sinia kutoka mkononi mwake kabla halijaanguka.

Wiki iliyofuata timu moja ya kusini ilimwita wamjaribu. Daktari wao alipiga picha ya shingo kabla Garrett hata hajavaa viatu. Saa moja baadaye alimwonyesha mfupa ulivyobana mshipa wa fahamu.

"Ukigongwa vibaya mara moja hutashika kijiko tena. Nani alikupitisha Januari?"

"Nilipita."

"Sijauliza hivyo," alisema daktari, akazima taa ya picha.

Hivyo akawa mtu aliyeumia mno asiweze kucheza popote, na mzima mno asiweze kutibiwa na timu iliyomuumiza. Chama cha wachezaji kikamfungulia malalamiko dhidi ya timu, na wakili wao akasema wazi: bila tabibu kusema ukweli, kesi haina miguu.

Garrett akaenda kwa Pruitt Jumamosi mchana. Alimkuta uani akifagia majani ya mwaka jana yaliyoganda kwenye mtaro.

"Najua ulichojia," alisema Pruitt.

"Basi usinifanye niseme."

"Nikisema, leseni yangu imekwenda. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, Garrett. Miwili."

"Mimi nina shingo moja."

Pruitt aliegemea fagio. "Ni wewe uliyeniomba."

"Ndiyo. Niliomba." Hakubisha zaidi. Huo ndio uungwana uliokuwa umebaki ndani yake, na haukumsaidia kitu.

Wakili wa chama alitaka pia kumwita Leota, aliyeuona mkono tangu Novemba. Leota mwenyewe alikuja nyumbani, akakaa jikoni huku kiti kinalalamika chini yake.

"Niite, kaka. Nitasema."

"Wewe bado uko kwao. Mkataba wako unaisha mwakani."

"Nimekwambia niite."

"Na watoto wanne. Nenda nyumbani, Tavita."

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Mei katika chumba cha hoteli, mbele ya msuluhishi mmoja na jagi la maji. Wakili wa timu alikuwa mwanamke mpole asiyepandisha sauti. Alimpa Garrett ile fomu.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Uliposema huna jeraha, ulikuwa unasema kweli?"

"Hapana."

"Kwa hiyo Januari ulidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Januari ulidanganya ili ubaki na kazi. Leo unatuambia umeumia ili ulipwe. Tujue vipi ni siku ipi tukuamini?"

"Leo."

"Kwa nini leo?"

Jibu la kweli alilokuwa nalo Garrett halikuwa na ushahidi. "Kwa sababu nimechoka," alisema.

Kisha wakamwita Pruitt. Wakili wa chama akamuuliza ni mkono upi ulioshika kifaa mara ya pili. Pruitt hakumtazama Garrett. Alitazama karatasi.

"Ni kama ilivyoandikwa."

"Nimeuliza ulichokiona, bwana Pruitt."

"Niliandika nilichokiona," alisema, na kwa kuwa alikuwa ametazama dirishani, labda hata alijiaminisha kwamba hakuna kingine alichokiona.

Garrett angeweza kusimama na kumtaja. Hakusimama. Hakuwa amewahi kumsema mwenzake mbele ya wakubwa, na miaka thelathini na mitatu ya malezi haibatilishwi kwa siku moja katika chumba cha hoteli. Tulimfundisha wenyewe. Tulimshangilia aliponyamaza, tukamfananisha na friji, kisha tukashangaa kwamba hajui kujitetea.

Hukumu ililetwa kwa posta baada ya wiki tatu. Shingo ilikuwa imeshapasuliwa na kuungwa kwa vyuma, kwa gharama yake mwenyewe, na daktari alikuwa amesema kwamba mshipa ulikaa umebanwa muda mrefu mno, mkono usitarajiwe. Walikuwa mezani. Denise alifungua bahasha, akasoma kimya, akataka kuirudisha ndani.

"Soma," alisema Garrett.

"Umeshindwa. Inatosha."

"Soma wanavyosema."

Akasoma. "Mchezaji mwenyewe alithibitisha kwa maandishi kwamba hana jeraha lolote, na hakuna shahidi aliyesema tofauti."

"Rudia."

Akarudia.

"Ni kweli," alisema Garrett. "Nilithibitisha."

Kisha akasukuma sahani yake upande wa mkewe, ili amkatie nyama.