Joto la Mama Mshonaji

Mama mshonaji wa mtaa wetu hapa Kadutu huacha mlango wazi hata asubuhi za mvua, ukungu wa ziwa unapofunika mabati. Mashine yake huimba, kisha husimama katikati ya mshono. Hapo hulegeza kitambaa cha kichwa, akajipepea kwa kipande cha kitenge, macho yakienda mbali, kama ameitwa na mtu ambaye sisi wateja hatumsikii. Jasho humtiririka shingoni ilhali sisi tumejikunyata ndani ya masweta. Hedhi ilimkatika mwaka uleule alipomzika binti yake, na tangu hapo moyo humwenda mbio, na vidole humwaka moto. Hospitalini walimpima damu, wakampiga picha ya kifua. "Banasema hakuna kitu," hutuambia kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Jana nilikwenda kuchukua gauni langu, nikamkuta ameiinamia mashine, hashoni. Nikamwekea kiganja mgongoni. Blauzi ilikuwa imelowa, na mwili chini yake ulikuwa wa moto.

"Maman, hii moto iko kweli," nikamwambia. "Niko naisikia."

Akageuka, akanitazama sana. "We pia unaisikia?"

"Ndiyo, maman."

Akalaza kichwa begani kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamsikia akilitaja jina la mwanawe. "Nsimire," alisema, kisha akalirudia taratibu, tena na tena, kama anayembembeleza mtoto alale.