Wimbi la Pili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulitupa wimbi la pili. Nilijifundisha fizikia peke yangu, kwenye kompyuta kuukuu, sebuleni kwetu Njiru. Nilikuwa nikitafuta mawimbi ya graviti, yale yanayotoka mashimo meusi mawili yanapogongana mbali kabisa na hapa. Galaksi ikiwa katikati, uzito wake huyapinda, wimbi moja likapita njia mbili na kutufikia mara mbili: umbo lile lile, ila moja ni hafifu, na huenda likachelewa siku au miezi. Sijasikia aliyethibitisha kuwa amelipata. Mimi nilitaka tu kujua namna ya kulitafuta. Basi nilificha jozi ya mawimbi kama hayo katika data ya mazoezi, na programu yangu mwenyewe ikalifuta lile hafifu. Nilikuwa nimeiagiza iondoe chochote kinachojirudia.

Niliona aibu kama mtu aliyeiba. Nikaanza upya, bila kumwambia mtu.

Baba alikuwa karani wa stesheni za reli hadi alipostaafu. Figo zilikuwa zimeanza kumshinda, akawa anashinda kwenye kochi mkabala nami. Zamani kazini, amri ya treni ilipopigwa kwa simu kutoka stesheni nyingine, aliirudia neno kwa neno, na treni haikuondoka mpaka wa upande wa pili aseme ni sawa. Nyumbani pia hakuacha. Ukimtuma nyanya na vitunguu, atakurudishia maneno, "nyanya na vitunguu", kabla ya kuvaa viatu.

"Profesa," aliniambia Jumapili moja tuliporudi nyumbani kutoka kanisani, "nieleze hayo mawimbi yako, nikurudishie."

"Bado, Baba. Kuna hesabu sijaihakikisha."

"Hata treni ikichelewa huwa tunatangaza."

Mama alicheka kule jikoni. Mimi sikucheka. Niliogopa angenirudishia kosa langu kwa sauti ile ya stesheni, nilisikie lote.

Jumapili iliyofuata aliniuliza tena, sauti ikiwa imepungua. Nikamwambia wiki ijayo.

Alhamisi akalazwa. Nilimfuata wodini na daftari, kurasa nne safi zisizo na neno lililofutwa hata moja, nikamsomea: wimbi moja, njia mbili. Macho yake yalikuwa wazi. Nilipomaliza nikangoja arudie. Midomo ilisogea, nikainama, hakuna neno lililotoka. Alifariki Jumamosi asubuhi.

Ninachokumbuka zaidi ni ile Jumapili ya pili. Aliuliza swali lile lile kwa sauti hafifu, nami nikalichukulia kuwa ni kurudia tu.

Siku hizi jioni namweleza Mama nilichofanya, pamoja na makosa yangu. Anarudia neno kwa neno, na mara nyingi nikimsikia akirudia ndipo ninapogundua nilipokosea. Programu yangu haifuti tena kinachojirudia. Jozi bado sijaipata.