Namba Yangu Kwenye Video ya Maktaba

Sijui kama kazi ile ya video ilinifaa. Mimi ni mfagiaji katika maktaba ndogo ya Bukoto, na shule niliiachia njiani huko kwetu Kongo. Lakini mkutubi, mama wa Kiganda ambaye sote tunamwita madamu, alisema kinachohitajika ni Kiswahili changu.

Rafu ya vitabu vya Kiswahili ilikuwa haiguswi. Wasimamizi waliamua kwamba wasipopatikana wasomaji wapya kumi wa kuazima humo kabla ya mwisho wa mwezi, vitabu vitiwe kwenye maboksi na mahali pake iwekwe mashine ya fotokopi. Niseme haki, hawakuwa watu wabaya. Chumba ni kidogo, na hata mimi fotokopi nilikuwa naitafuta mbali. Ila vitabu vile nilikuwa nikivifuta vumbi kila asubuhi, na kimoja kimoja nikavisoma.

Wakongo wenzangu waliiogopa kompyuta ya kuombea vitabu, ingawa hata kwenye simu ungeweza kuomba. Kwa hiyo madamu akataka nitengeneze video: nirekodi skrini, nisogeze mshale, nieleze kwa sauti yangu, halafu tuitume kwenye kundi la watsapu la kanisa letu. Akanionyesha tovuti ya bure ya kurekodia. Ya bure ina masharti yake: ikifika dakika tano inajikata, hata kama uko katikati ya neno.

Mara ya kwanza ilinikata nikiwa ndiyo kwanza nafungua ukurasa wa kutafutia. Madamu aliisikiliza akacheka mpaka akavua miwani.

“Nnyabo, mama wewe, umesalimia kanisa zima! Wamama, wababa, wagonjwa, waliosafiri! Sema ‘habari zenu’, kisha bonyeza.”

“Siwezi, madamu. Watasema nimepewa kompyuta, nimeanza dharau.”

“Bambi,” akasema kwa kunihurumia. “Kale, sawa, kata kwingine.”

Nikakata kwingine. Kulikuwa na sentensi inayosema kila mtu aandike namba ya kadi yake, na asiye na kadi aje apewe. Niliona hilo kila mtu analijua. Nikaitoa, nikaandika namba yangu harakaharaka, nikasema, “Mfanye tu kama ninavyofanya.” Video ikatosha ndani ya dakika tano, salamu zote zikiwa nzima, tukaituma. Siku ile nilijiona fundi.

Baada ya wiki moja madamu aliniita kwenye kompyuta. Vitabu kumi na tisa vya Kiswahili vilikuwa vimeombwa. Vyote kwa namba yangu.

“Wewe unasoma vitabu kumi na tisa?”

“Hapana, madamu.”

“Najua unaipenda rafu hii. Lakini siwezi kupeleka uongo kwa wasimamizi. Hapa msomaji ni mmoja, na si mpya.”

Nilikana, lakini nilikana kwa sauti ndogo, maana sikuwa na hakika. Labda nilibonyeza kitu nisichokijua. Labda mashine inaweza kurudia kosa la mtu mara kumi na tisa. Ningekuwa mimi ndiye madamu, ningemshuku huyuhuyu mfagiaji.

Siku ya tatu yake, nikiwa napiga deki, akaingia mama anayeongoza kwaya yetu, na karatasi mkononi.

“Nimekuja kuchukua kitabu. Namba ni hii.”

Ilikuwa yangu, kwa tarakimu kubwakubwa.

“Mama, hii namba ya nani?” madamu akauliza.

“Ya maktaba! Si huyu alituonyesha? Alisema tufanye kama yeye, tukafanya. Tena tuliiangalia pamoja baada ya mazoezi, ili mtu asikosee hata moja.”

“Hukufikiri kuweka yako?”

“Yangu? Miye nina namba? Nani alinipa?” Akanigeukia, akaona nimeshika dekio kama mtu aliyekamatwa. “Na alitusalimia vizuri sana,” akamwambia madamu.

Madamu hakuomba radhi, na sioni kwa nini angeomba. Sentensi niliikata mimi. Alitoa kadi mpya, akaandika jina la yule mama.

Wengine wakafuata, kila mmoja na karatasi yake yenye namba yangu. Wengi walikuwa wameomba vitabu viwili, wengine vitatu. Siku ya mwisho ya mwezi, tulipohesabu watu, walikuwa tisa.

“Mume wako hana kadi,” madamu akasema taratibu.

“Hana. Lakini hatasoma, madamu. Tutakuwa tumedanganya.”

Akainuka, akaenda kwenye rafu, akachukua kitabu chembamba cha hadithi za watoto. Kiswahili chake ni cha sokoni. Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kumwona akisoma Kiswahili.

“Niandike. Mimi sijawahi kuazima hapa.”

Nikamwandika, wa kumi. Rafu ikabaki.

Mpaka leo sijui kama hesabu ile ilikuwa halali. Nimeigeuza kila upande. Yeye ni mkutubi. Lakini pia ni kweli hakuwa na kadi. Ninachoweza kusema ni kwamba asubuhi, nikipiga deki, huniita akiwa ameweka kidole kwenye mstari. “Nnyabo, hili neno ni nini?” Namwambia. Jana alikuwa ukurasa wa sita.