Hamira ya Mzee wa Kanisa

Nilipoolewa Kishanda, baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na alijivunia mambo mawili: kwamba nyumba yake haijaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu alipobatizwa, na kwamba mkamwana wake amesoma shule ya wasichana ya misheni. Huko, aliwaambia watu, nilifundishwa kuoka mkate. Ukweli ni kwamba nilifundishwa kutazama mkate ukiokwa. Mwalimu wetu Mzungu alikanda mwenyewe, nasi tulisimama na madaftari, kwa sababu unga wa ngano ulikuwa haba mno kuharibiwa na wasichana ishirini.

Ndoa yangu ilikuwa na miezi miwili baba mkwe aliporudi kutoka Bukoba mjini na mfuko wa unga huo.

"Jumapili mchungaji Mzungu atakunywa chai hapa," alisema. "Nimemwahidi mkate wa nyumbani."

Nilimuuliza kwa adabu kama amepata na hamira. Akaniuliza hamira ni nini. Nilipomweleza, alisema mtu aliyesoma hakosi njia, akaenda kwenye kikao cha kanisa.

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi.

"Hiyo hamira inafanya nini hasa?"

"Inauchachua unga, mama. Unatoa povu, halafu unaumuka."

Alimenya ndizi mbili zaidi kabla ya kusema, "Povu lipo kwa jirani. Pitia kwenye migomba, si barabarani. Na mimi sikukutuma."

Jirani huyo alikuwa mama wa Kikatoliki, mnene na mcheshi, akiandaa rubisi ya harusi ya binti yake. Kila Jumatano baba mkwe alimwombea, kwa jina, aache dhambi hiyo. Yule mama hakuuliza la nini. Alichota povu akajaza kibuyu kidogo, akaziba kwa jani la mgomba.

"Wasalimie wazee," alisema.

Jumamosi asubuhi nilichanganya povu lile na unga, nikaanza kukanda. Unga ulinata vidoleni kama udongo wa bondeni. Nikaongeza unga, ukakauka na kupasuka. Nikaongeza maji, ukaninata tena. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni.

"Shuleni walipigana nao hivi?"

"Wa shuleni ulikuwa mpole, mama."

Alinawa mikono, akaketi mkekani, akaanza kukanda pamoja nami, yeye ambaye hajawahi kuona mkate ukitengenezwa. Mikono yake ilielewa upesi kuliko yangu, jambo lililoniumiza kidogo, maana cheti kilikuwa changu.

Saa sita mchana unga ulikuwa umekiinua juu kitambaa tulichoufunika nacho. Tulipokifunua, nyumba nzima ikanuka rubisi kama nyumba ya sherehe. Mama mkwe alifungua madirisha, akachoma majani ya mkaratusi mlangoni. Baba mkwe aliporudi akaambiwa tunafukuza mbu. Alisema ni jambo jema.

Tulioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Chini uliungua, juu ukapasuka, katikati ukabaki mzito. Mama mkwe aliukwangua kwa kisu mpaka ukawa na sura ya kupeleka mezani.

Jumapili mchungaji alikula vipande vitatu. Kwenye cha tatu alifumba macho, akasema hajapata ladha kama hiyo tangu aondoke kwao, akaniuliza natumia hamira gani. Nilitazama kikombe changu.

"Ni neema tu, mchungaji," mama mkwe alijibu, akimwongezea chai.

"Amina," baba mkwe aliitikia.

Mchungaji akasema basi mimi nitawafundisha wanawake wa usharika kuoka, kila mwezi. Kabla sijameza mate, baba mkwe alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu.

Mgeni alipoondoka, baba mkwe alirudi kuketi, akauliza, "Chakula kiko wapi?"

Ndizi zilizopikwa zilikuwa jikoni tangu asubuhi, zimefunikwa kwa majani, na maharage pembeni. Mama mkwe hakuwa ameniambia. Tulikula, mimi zaidi ya wote, kwani tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu kwa hofu.

"Mkate ni mzuri," baba mkwe alisema, akijichotea ndizi mara ya pili. "Kwa wageni."